Mgonjwa Asiyeitwa Mtu

Swali ninalokusudia kulijadili ni la zamani, ingawa mfano nitakaoutumia ni mpya, na yamkini wako wasomaji watakaouona mwepesi mno kwa kurasa kama hizi. Swali lenyewe ni hili: mtu apatwapo na ugonjwa unaomgeuza kuwa hatari kwa kila amkaribiaye, hata kwa mtoto wake wa kumzaa, je, utu wake hubaki naye au humtoka? Na mfano ni ule wa hadithi za zombi, ambazo siku hizi hazina mwisho katika senema: virusi vimeingia mjini, malango yamefungwa, na watu waliomo ndani wanageuka mmoja baada ya mmoja kuwa viumbe wa kuuma na kuuawa. Najua ya kuwa hadithi hizi hutungwa ili kuwatia watu hofu na kuwatoa fedha. Walakini hadithi ya kutunga ina ruhusa asiyokuwa nayo daktari wala kadhi. Huweza kuichukua hofu moja ndogo iliyojificha moyoni, ikaikuza hata ikaenea mji mzima, nasi tukaitazama kwa raha tumeketi vitini.

Nililipata swali hili nyumbani kwa dada yangu. Wapwa zangu walikuwa wakitazama filamu ya Kiingereza iitwayo 28 Days Later, iliyoongozwa na Danny Boyle na kutolewa mwaka 2002, nami nikaketi nao baada ya chakula cha usiku kwa kukosa la kufanya. Tukafika mahali ambapo baba mmoja, dereva wa teksi aitwaye Frank, anadondokewa na tone la damu jichoni. Damu ile ni ya maiti anayedonolewa na kunguru juu ya kichwa chake. Frank anatambua mara moja kilichompata. Anamwambia binti yake kuwa anampenda, kisha anamwamuru akae mbali naye. Kijana mmoja wa msafara wao anasimama na gongo mkononi, anasita. Mpwa wangu mdogo akainuka kitini akapiga ukelele: "Mpige! Si mtu tena huyo!" Chumba kizima kikacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini usiku nilipolala maneno yale matatu ya mwanzo wa hukumu yake, si mtu tena, yalinirudia. Nilijiuliza ni nani aliyemfundisha mtoto wa miaka kumi na miwili kwamba mtu aweza kuacha kuwa mtu kwa muda wa kufumba na kufumbua, na kwamba kuacha huko ndiko kunakoruhusu gongo lishuke.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa mambo haya. Katika Tanzania iko imani ya msukule, na watu wa kusini husema ndondocha: mtu aliyedhaniwa kuwa amekufa akazikwa, kumbe, kwa itikadi hiyo, amechukuliwa na mchawi, akakatwa ulimi, akafichwa mchana na kulimishwa shamba usiku. Mimi siamini kwamba misukule wapo, na ninaijua dhiki ambayo imani ya uchawi imewaletea vikongwe wasio na hatia. Ninachotazama ni umbo la hadithi. Msukule hatishi watu kwa meno yake. Hamwumi mtu wala hamfukuzi mtu. Yeye ndiye aliyedhulumiwa. Anayesimulia huogopa kugeuzwa msukule, haogopi kukutana naye. Na ndugu wa mtu anayedhaniwa kuwa msukule hawendi kumtafuta ili wamwue, bali wamrejeshe nyumbani, wamwoshe, wamnyoe, wamlishe, na kumwita kwa jina lake mpaka akili zimrudie. Adui wa hadithi ile ni mchawi, na shamba lake.

Zombi wa kwanza alikuwa ndugu wa msukule. Neno limetoka Haiti, nchi iliyokuwa koloni la Wafaransa na kulimwa na watumwa waliotolewa Afrika, mpaka walipojikomboa kwa vita na kutangaza uhuru wao mwaka 1804. Katika masimulizi ya huko zombi ni maiti aliyeinuliwa kaburini ili afanye kazi bila ujira na bila hiari. Na kwa watu ambao babu zao walikufa katika mashamba ya miwa, hapana adhabu iliyotisha kama kuambiwa kwamba hata kifo hakitakufungua minyororo. Majeshi ya Marekani yaliikalia Haiti tangu mwaka 1915 hata 1934. Katika miaka hiyo mwandishi William Seabrook alitoa kitabu chake The Magic Island, mwaka 1929, na mwaka 1932 ikatoka filamu ya White Zombie. Hivyo ndivyo mtumwa yule alivyovushwa bahari kwa mara ya pili. Alipofika ng'ambo alianza kubadilika. Mwaka 1968 George Romero alitoa Night of the Living Dead, ambamo wafu hawamfanyii kazi bwana yeyote: wanakula watu. Baadaye mchawi aliondolewa kabisa katika hadithi nyingi za namna hii na mahali pake pakawekwa virusi. Virusi havishitakiwi. Mchawi alipotoweka, yule aliyekuwa mdhulumiwa alibaki jukwaani peke yake, na hatia yote ikamwangukia.

Siwalaumu watungaji kwa kuwa wamebadili hadithi, maana hadithi ni mali ya kila anayeisimulia. Nasema tu kwamba badiliko hilo si dogo. Tulikuwa na kisa ambacho ndani yake aliyepotewa na akili alikuwa wa kurejeshwa. Tukapewa kisa ambacho ndani yake ni wa kupigwa risasi, na anayesita huonekana mpumbavu atakayewaponza wenzake.

Sasa na tuutazame mji uliofungwa. Katika filamu ile ya 2002 virusi vinaitwa Ghadhabu, navyo vinatoka katika maabara ya Cambridge, ambamo sokwe wameambukizwa kwa ajili ya uchunguzi. Watu wanaopinga mateso ya wanyama wanavunja ili wawafungulie, na sokwe wa kwanza anamwuma mkombozi wake. Ugonjwa huenda kwa damu na mate, na humgeuza mtu kwa muda wa sekunde chache, usiozidi ule wa kufunga kamba za viatu. Wajuzi wa senema hubishana kama hawa ni zombi wa haki, kwa kuwa hawakufa; ni watu hai waliojaa hasira. Ubishi huo una faida kuliko wanavyodhani wabishi wenyewe. Ikiwa hawakufa, basi anayewaua haui maiti, na hawezi kujifariji kwamba amemaliza kazi ambayo kifo kiliianza.

Ugonjwa wa haraka namna hii ni kama moto wa nyasi kavu: hula yote yaliyo karibu, kisha hufa. Mgonjwa wake hawezi kupanda ndege wala meli akavuka nao bila ya kujulikana. Kichaa cha mbwa ndicho ugonjwa wa kweli unaoukaribia, maana nacho huenda kwa mate na huvuruga akili. Lakini kichaa cha mbwa huweza kukaa mwilini wiki nyingi, hata miezi, kabla ya kujionyesha, na katika nafasi hiyo ndipo Louis Pasteur, mwaka 1885, alipoweza kumchanja mtoto aliyekwisha umwa, akaishi. Ghadhabu haitoi nafasi ya chanjo. Lakini kwa sababu hiyo hiyo bahari inayoizunguka Uingereza yatosha kuwa ukuta wake, na wagonjwa, ambao hasira imewasahaulisha hata chakula, hufa kwa njaa. Filamu iliyofuata, 28 Weeks Later ya mwaka 2007, inatuambia kwamba kwa hilo zilitosha wiki tano. Msomaji na alipime jambo hili: maradhi yaliyoangusha dola nzima yalikwisha, si kwa risasi, bali kwa lango lililofungwa na watu waliongoja.

Filamu hiyo ya pili ndiyo iliyobeba swali letu hasa. Majeshi ya NATO yakiongozwa na Wamarekani yameingia London, yameizingira sehemu ya Isle of Dogs, ambayo mto Thames umeizunguka pande tatu, na wenyeji wanaanza kurudishwa humo. Miongoni mwao yumo Don. Siku za maafa Don alimkimbia mke wake Alice. Alimwona dirishani, naye hakurudi. Watoto wake amewaambia kwamba hakuwa na la kufanya. Watoto wanatoroka eneo la salama, wanaiendea nyumba yao ya zamani, na humo wanamkuta mama yao hai. Aliumwa, lakini ugonjwa haukumgeuza: umo katika damu yake na mate yake, naye ana akili zake timamu. Wanajeshi wanamfunga kitandani. Don, ambaye ni mtunza majengo na ana kadi ya kufungulia milango yote, anaingia kwake bila ya kuulizwa na mtu. Anaomba radhi. Alice anamwambia kuwa anampenda, wanabusiana, na kwa busu hilo mji unapotea.

Kwanza nilidhani huu ni ukatili wa mtungaji, kuifanya toba kuwa mlango wa maangamizi. Baadaye niliona kwamba hapa hakutunga sana. Magonjwa ya kweli hayapiti kwa chuki peke yake, wala hayapiti zaidi kwa chuki. Hupita kwa kumlisha mgonjwa, kumpangusa jasho, kumwosha maiti, kupeana mikono msibani. Ebola ilipoenea katika nchi za Afrika Magharibi mwaka 2014, waliokuwa katika hatari kubwa walikuwa wauguzi na jamaa waliowaosha wafu wao. Katika senema aghalabu mgonjwa humkimbilia mzima ili amwume. Katika dunia mzima ndiye anayemkimbilia mgonjwa, kwa sababu ni mama yake.

Na Alice pia amewahi kuwako duniani. Jina lake lilikuwa Mary Mallon, mpishi mzaliwa wa Ireland, aliyefanya kazi katika nyumba za matajiri wa New York. Alikuwa na vijidudu vya homa ya matumbo bila ya yeye mwenyewe kuugua, na watu waliokula chakula chake waliugua, baadhi yao wakafa. Mwaka 1907 alikamatwa, akawekwa katika kisiwa cha North Brother. Mwaka 1909 alipeleka shauri lake mahakamani, akashindwa. Aliachiliwa mwaka 1910 kwa sharti kwamba asipike tena, akapika tena, akakamatwa mwaka 1915, akakaa kisiwani hata kufa kwake mwaka 1938. Sisemi kwamba alitendewa haki. Miaka ishirini na mitatu ya mfululizo ni mingi kwa mtu ambaye hakukusudia kumdhuru mtu, na ambaye hakuna aliyemfundisha kazi nyingine ya kumpa ujira kama ule wa upishi. Lakini nakumbusha kwamba alikuwa na hakimu. Kwa kuwa alihesabiwa mtu, waliomfungia walilazimika kutoa sababu, tena mbele ya mwenye mamlaka ya kuzikataa. Alice hana hakimu. Mkuu wa jeshi anataka auawe, daktari anataka damu yake, na hakuna hata mmoja anayemwuliza jina.

Baada ya busu, mambo yanakwenda upesi. Don aliyegeuka anamwua mke wake, kisha anawageukia askari. Amri inatolewa kwamba raia wote wakusanywe katika ukumbi mmoja chini ya jengo na milango ifungwe. Taa zinazimika. Don anaingia kwa mlango ambao haukulindwa. Hapa ndipo virusi vilipofanya kazi yao kubwa: mmoja akamwuma wa pili, wawili wakawauma wanne, katika giza, mahali ambapo mtu hakuweza kukimbia kwa kuwa amefungiwa kwa ajili ya usalama wake. Mji haukushindwa kwa sababu lango la nje lilikuwa legevu. Ulishindwa kwa sababu wenye mamlaka walichanganya mambo mawili ambayo hufanana kwa mbali: kumtenga mgonjwa na wazima, na kuwafungia wagonjwa na wazima pamoja.

Jambo hili si la senema tu. Mwezi wa Februari mwaka 2020 meli ya abiria Diamond Princess iliwekwa karantini katika bandari ya Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, kwa ajili ya ugonjwa wa Uviko ulioanza kwa wachache. Abiria walifungiwa vyumbani. Watumishi waliendelea kupika, kupeleka vyakula na kulala wawili wawili au zaidi chumba kimoja. Ilipokwisha hesabiwa, walioambukizwa walikuwa 712. Mtu aliyesimama gatini aliona meli iliyofungwa barabara, na kwa macho yake hakukosea. Lakini aliyekuwa ndani aliyaona mengine.

Turudi Isle of Dogs. Milango ya ukumbi inavunjika, umati unamiminika barabarani, wazima na wagonjwa wamechangamana, na juu ya mapaa wamekaa walenga shabaha. Wamefundishwa amri yenye daraja tatu: kwanza, waueni wagonjwa, pili, zuieni wasitoke, na ikiwa kuzuia kumeshindikana, angamizeni wote. Kwa dakika chache wanajaribu kuchagua. Kisha sauti inawaambia wasichague tena, wapige kila kiendacho kwa miguu. Askari mmoja, Doyle, anaona katika darubini ya bunduki yake mvulana mdogo, mtoto wa Alice, na hawezi. Anaiacha nafasi yake, anashuka chini. Wenzake wanaendelea. Baadaye zinakuja ndege na moto, kisha gesi ya sumu.

Katika nchi yetu ya Afrika Mashariki moto huo si wa kuigiza. Mwaka 1902 tauni ilipoingia Nairobi, soko la Wahindi liliteketezwa kwa amri ya wakuu. Tauni huenezwa na viroboto wa panya, na huenda moto uliwaua panya wengi. Siwezi kudai kwamba hofu yao haikuwa na msingi. Lakini naona kwamba kilichochomwa kilikuwa soko la Wahindi. Aliyeshika kiberiti hakuwa mwenye duka.

Sasa naweza kulisema ninalolishika. Sisemi kwamba gongo lisishuke kamwe. Mtu anayekimbia kumwuma mtoto, hata akiwa ni baba wa mtoto huyo, na ikiwa hapana kamba wala mlango wala muda, huzuiwa kwa nguvu iliyopo, na nguvu iliyopo yaweza kuwa ya kuua. Anayekataa hilo hajawahi kupewa mtoto wa mwenzake amlinde. Ninachokikataa ni ile sababu ya mpwa wangu. Ziko sababu mbili za kushusha gongo, nazo kwa mtazamaji huonekana kuwa moja kwa kuwa gongo ni lile lile. Mmoja husema: huyu ni hatari sasa hivi, na sina njia nyingine. Mwingine husema: huyu si mtu tena. Sababu ya kwanza ni nzito kubeba. Haina budi kupimwa upya kwa kila mtu, na kwa kila saa. Hufa hatari inapokwisha. Na humwachia aliyepiga maiti ya mtu, ambaye lazima azikwe na kuliliwa. Sababu ya pili ni nyepesi. Husemwa mara moja, ikawatosha wote. Wala haina mpaka wake yenyewe, kwa maana aliyekwisha kukubali kwamba utu waweza kumtoka mtu kwa muda wa sekunde chache hana kipimo cha kumwambia ni nani ambaye bado unao. Daraja ya tatu ya ile amri imo ndani ya daraja ya kwanza, kama mti ulivyo ndani ya kokwa.

Filamu ya 2002 ilikwisha kulionyesha jambo hili, kwa mfano mchungu kuliko wa ndege na moto. Meja mmoja amewakusanya askari wake wachache katika jumba la shamba, na uani amemfunga mnyororo askari wake mwenyewe aliyeambukizwa, aitwaye Mailer, ili ajue itamchukua muda gani kufa kwa njaa. Si hatari tena, maana amefungwa. Basi kwa nini asilishwe, au asimalizwe? Kwa sababu amekuwa chombo cha kupimia. Na meja huyo huyo ndiye aliyewaahidi askari wake kwamba watapewa wanawake, watake wasitake. Watu wale hawakuumwa na mtu. Damu yao ilikuwa safi. Waliianza dasturi ya kumtoa mmoja katika hesabu ya watu pale uani, na kabla ya wiki kwisha ilikuwa imeingia vyumbani. Romero naye, mwaka 1968, alimaliza filamu yake kwa mtu mzima wa akili, Mwamerika mweusi aitwaye Ben, aliyenusurika usiku kucha na kupigwa risasi asubuhi na kundi la waokozi waliomdhania mfu. Hawakumwita kwanza wasikie kama atajibu.

Iko hoja kubwa dhidi yangu, nami sitaikwepa. Mtu aweza kusema: katika hadithi uliyoichagua mwenyewe, kila mwenye huruma alieneza ugonjwa. Busu lilieneza. Doyle aliyekataa kumpiga mtoto alimwokoa mtoto ambaye baadaye aliumwa akawa kama mama yake, mchukuzi wa ugonjwa asiyeugua. Dada yake akaficha habari hiyo. Rubani wa helikopta akawavusha bahari. Na mwisho wa filamu wagonjwa wanakimbia Paris. Lau Doyle angalitii, Ufaransa ingalisalimika. Wako na wanahesabu waliofika karibu na jambo hili. Mwaka 2009 Philip Munz na wenzake watatu wa Ottawa, Kanada, walichapisha uchunguzi uliouchukua uzushi wa zombi na kuupima kwa kanuni zile zile zinazotumika kwa magonjwa ya kweli. Walipima karantini, wakaona kwamba huahirisha tu maafa. Wakapima dawa, wakaona kwamba huacha watu wachache wakiishi pamoja na zombi. Wakaona kwamba la kufaa ni kushambulia mapema, mara kwa mara, na kila mara kwa nguvu zaidi.

Hesabu zao sina ujuzi wa kuzipinga, tena walizifanya nusu kwa mzaha, kwa kuwafundisha wanafunzi namna ya kupima ugonjwa mgeni. Lakini jibu la hesabu hutegemea makundi uliyoanza nayo. Wao walianza na wazima, wagonjwa wanaongoja kugeuka, zombi, na wafu. Hakuna kundi la Alice. Hakuna kundi la mtu aliye hatari na mwenye akili timamu, ambaye ukimwambia "kaa mbali" ataelewa, na ambaye damu yake ndiyo peke yake iliyokwisha kuushinda ugonjwa. Daktari wa jeshi katika filamu analijua hilo. Ndiyo maana anawalinda watoto. Aliye hatari kuliko wote ndiye mwenye tumaini la dawa, na anayewaua wote hujiepusha na la kwanza kwa kulipoteza la pili.

Hata hivyo sitasema kwamba huruma haina gharama. Paris ni gharama. Nasema kwamba katika kuihesabu tuanze palipoanza. Alice angaliwekewa mlinzi mlangoni, na mtu wa kumweleza mume wake kwa upole kwa nini asimguse, kusingalikuwa na busu. Watoto wangaliambiwa kweli tangu mwanzo, yamkini wasingalitoroka. Ukumbi ungalikuwa na taa, na umati ungaligawanywa vyumba vidogo vidogo, kusingalikuwa na mapaa wala walenga shabaha. Mambo haya yote ni ya utunzaji, si ya ushujaa, na yote yaliachwa na watu waliokuwa tayari na ndege za moto. Anayejua kwamba daraja ya tatu ipo hushawishika kuifanya kazi ya daraja ya pili kwa uvivu.

Nilifikiri sana juu ya mtaa wa West Point, ulioko pwani ya Monrovia, Liberia. Tarehe 20 Agosti 2014, katika siku za Ebola, wakazi wake, makumi ya maelfu, waliamka wakakuta askari na seng'enge zimewazunguka. Hawakuwa wameambiwa. Askari walipokuja kumtoa ofisa mmoja wa serikali aliyekuwa akikaa humo pamoja na jamaa zake, watu waliona kwamba lango linafunguka kwa wengine na kwa wengine halifunguki, wakainuka. Risasi zikapigwa, na kijana mmoja akafa kwa majeraha. Chakula kilikuwa haba na bei yake ikapanda. Baada ya siku kumi seng'enge zikaondolewa. Nilipokuwa nikisoma habari hizo sikuona mahali ambapo wakazi walikataa kufungiwa kwa namna yoyote. Niliona kwamba walitaka kujua: mpaka lini, tutakula nini, na kwa nini yule ametoka.

Swali la "mpaka lini" ni la zamani kuliko yote. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik, uliweka sheria kwamba watu watokao penye tauni wakae siku thelathini nje kabla ya kuingia. Waveneti wakaongeza siku hata zikawa arobaini, na arobaini ya Kiitaliano ndiyo iliyotupa neno karantini. Basi neno lenyewe ni hesabu. Aliyefungiwa kisiwani aliweza kuchora mistari ukutani na kujua siku ambayo mashua itamjia. Na aliyemfungia alikuwa amekwisha kusema, kwa kutaja hesabu ile, kwamba aliyeko huko ni mtu atakayerudi. Mji wa senema hauna hesabu ya namna hiyo. Majina ya filamu zile yanataja siku 28 na wiki 28, lakini hizo ni za kuhesabu tangu maafa yalipoanza, si za kungojea kufunguliwa.

Juma lililofuata nilirudi kwa dada yangu, nikamwambia mpwa wangu kwamba maneno yake yamenikosesha usingizi. Akashangaa, maana alikuwa amekwisha kuyasahau. Kisha akaniuliza, kwa adabu lakini kwa ukaidi wa watoto, "Sasa mjomba, kama ungekuwa wewe mwenye gongo, ungefanyaje?" Nikamwambia kwamba huenda ningelishusha. Akasema, "Basi si ni yale yale?" Sikuwa na jibu fupi la kumpa. Nikamwomba airudishe filamu nyuma hata pale ambapo damu imekwisha kuingia jichoni. Tukautazama tena ule muda mfupi ambao Frank, akijua kwamba amekwisha, anautumia kumsukuma binti yake mbali naye kwa maneno, huku sauti yake ikianza kuharibika. Mtoto alitazama bila ya kusema. Kisha akaomba tuirudie mara nyingine.